Mbaazi tunazo, moto ndio hatuna

Kwa viongozi wetu wa Mkoa wa Mtwara: mkuu wa mkoa, wakuu wa wilaya, wakurugenzi wa halmashauri, wabunge na madiwani.

YAH: MOTO WA KUIVISHIA MBAAZI

Waheshimiwa, kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Shikamooni. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Magomeni hapa Mtwara mjini. Nashona nguo kibarazani kwangu. Baba watoto hubeba magunia ghalani msimu wa korosho ukiwepo. Ukiisha, hufanya lolote linalopatikana. Sina cheo kwenye chama chochote na sikutumwa na mtu.

Nianze na ndoo.

Mwezi uliopita mtaani kwetu kulikuwa na siku ya afya na lishe. Tulikaa kwenye mikeka chini ya mwembe, watoto wakapimwa uzito na urefu, wakazungushiwa mkononi ule utepe wa kupimia utapiamlo, wenye nyekundu, njano na kijani. Kitinda mimba wangu, wa mwaka na nusu, utepe ulimkamatia kwenye njano. Najua njano si nyekundu, lakini usiku ule sikulala vizuri.

Baada ya vipimo, binti mmoja mtaalamu, mpole, anayeongea taratibu, akatuonyesha namna ya kumpikia mtoto wa umri ule. Mbaazi, kisamvu, dagaa waliosagwa, mafuta kidogo, kipande cha papai pembeni. Chakula cha kwetu kabisa, hakuna cha kuagiza Ulaya. Akina mama tukaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na meza, nikaona mbaazi zinatolewa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, zimeshachemka, zinapondeka kwa mgongo wa kijiko. Jiko lilikuwa la gesi, mtungi mdogo wa bluu. Dakika ishirini hazikufika, chakula tayari, watoto wanalambishwa.

Nikanyoosha mkono nikauliza: hizo mbaazi zimekaa jikoni muda gani? Watu wakacheka. Binti naye akacheka, akasema alizibandika tangu usiku kwake.

Basi, waheshimiwa, mimi ninachoomba ni ile ndoo.

Naomba niwafungulie daftari langu, maana fundi cherehani bila daftari hafiki mbali. Siku nzuri, mimi na mwenzangu tukiunganisha, ya kula inapatikana elfu tano. Sisi ni sita. Wiki iliyopita nilipika mbaazi za nazi na ugali wa muhogo. Mbaazi nusu kilo, 900. Unga wa muhogo kilo moja, 1,200. Nazi moja, 800. Kitunguu, nyanya na chumvi, 400. Mkaa mafungu matatu ya mia tano, 1,500. Mawili yaliishia chini ya mbaazi, moja likasongea ugali. Jumla 4,800. Yaani mbaazi zenyewe ni mia tisa, na mkaa wa kuzilainisha ni elfu moja. Kinachopikwa kina bei ndogo kuliko kinachopikia. Na hapo asubuhi ya siku hiyo bado hatujanywa hata chai.

Mtasema nunua gunia, mkaa wa fungu ni wa hasara. Kweli kabisa. Mwenye elfu thelathini na tano ya kutoa mara moja anapika kwa moto rahisi kuliko wangu, na anakula vizuri kuliko mimi kwa pesa ileile ya mwezi. Mimi nanunua kila kitu kwa fungu na kipimo: mkaa fungu, mafuta kipimo, sukari robo, dagaa fungu. Kila fungu lina faida ya mtu ndani yake. Sina ugomvi na wauza mkaa, nao wanatafuta. Nataka tu ijulikane kwamba pesa ya lishe nyumbani kwangu inapotelea hapo.

Sasa siku za kawaida tunafanyaje? Tunakula kinachoiva haraka. Ugali wa sembe na mchicha uliopigwa moto dakika tano. Dagaa wakishuka bei kwenye soko la samaki la Feri, dagaa. Asubuhi uji ningeupenda, uji wa mtama wenye karanga, lakini kuwasha jiko kwa ajili ya uji ni fungu zima, kwa hiyo natuma mtoto akanunue maandazi kumi ya mia mia. Kuna siku nilimsikia mtu redioni akisema wanawake wa mjini wamekuwa wavivu, wanawalisha watoto maandazi. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano, nikajichoma.

Ushauri wa kuloweka naufuata. Naloweka mbaazi usiku kucha, namwaga maji, naziweka jikoni zimevimba. Moto unapungua, sikatai, hata hayo mafungu mawili niliyoyaandika ni ya mbaazi zilizolowekwa. Magadi pia nayajua, bibi yangu aliyatumia. Yanalainisha upesi, ila wataalamu wanasema yanaharibu vitamini za kundi B, kwa hiyo unaokoa mkaa unapoteza ulichokuwa unakitafuta. Miezi ya mbaazi mbichi ndiyo raha yetu. Mwezi wa sita mpaka wa nane hivi zinakuja sokoni zikiwa kwenye maganda, watoto wanasaidia kumenya, zinaiva upesi. Miezi hiyo mashavu ya watoto wangu hujaa. Zikikauka tu, tunarudi kwenye hesabu ya mkaa.

Atakayebisha kwamba tatizo ni bei ya chakula, nimkumbushe 2017. India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazonunua kutoka nje, bei huku Kusini iliporomoka mpaka kuna watu waliona bora waziache shambani. Kaka yangu aliniletea gunia zima kutoka Masasi, bure, likaegemea ukuta wa chumba tunacholala. Mwaka ule ningetarajia tule mbaazi mpaka tuzichukie. Tulizila mara moja kwa wiki, kama kawaida. Zilizobaki wadudu walizitoboa. Bei ya mbaazi ilikuwa imekwisha kabisa, ya moto ilikuwa palepale.

Na hao Wahindi tunaowauzia hawahangaiki namna hii. Mbaazi zetu zinaondoka nzima, kule zinakobolewa na kupasuliwa nusu kwa nusu, na mbaazi iliyopasuliwa inaiva kwa muda mfupi sana ukilinganisha na nzima. Bibi yangu naye alikuwa na jiwe la kupaazia. Alipaaza choroko na mbaazi, akapepeta maganda, mchuzi wake ulikuwa tayari kabla hatujamaliza kucheza. Jiwe lile lilikwenda wapi sijui, na mikono ya kulisukuma hatuna tena. Lakini mashine za kukoboa mahindi zipo kila mtaa. Ya kupasulia mbaazi, ikauzwa hapahapa kwa kilo na kwa nusu kilo, mimi sijaiona sokoni kwetu. Tunauza gunia zima nje, halafu tunasumbuka na ganda.

Niseme na hili la muhogo, kwa kuwa nalo ni la moto na la muda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa huu ulipata wagonjwa wa konzo, ule ugonjwa unaokaza miguu ghafla na hauponi. Chanzo chake wataalamu walikieleza: muhogo mchungu ulioandaliwa kwa njia ya mkato wakati wa njaa, haukulowekwa wala kuanikwa siku za kutosha, ukaliwa na watu ambao mlo wao haukuwa na mbaazi wala samaki wa kutosha kuusaidia mwili kupambana na ile sumu. Njia za mkato tunazijua sote kuwa ni mbaya. Mtu hukata njia pale asiponacho cha kupitia njia ndefu.

Kuna swali ambalo wageni huniuliza: mbona hamli korosho? Minada ya kwanza ya msimu ulioanza Oktoba 2024 korosho ghafi ilivuka shilingi elfu nne kwa kilo. Anayekula korosho zake anakula sare za shule za mtoto. Ya mabibo, lile tunda linaloshika korosho, hawaulizi, na ningependa waulize. Bibo lina vitamini C kulishinda chungwa, linamsaidia mtoto kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye kisamvu na mbaazi, halihitaji moto hata kidogo, na kila msimu yanaozea chini ya mikorosho au yanageuka uraka, pombe ya mabibo. Pale Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, walishaonyesha kwamba yanatengenezeka juisi na jamu. Mtaani kwangu sijaiona hata chupa moja.

Turudi kwenye moto.

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Tangu 2015 inasafiri kwa bomba kutoka Madimba, hapo jirani tu, mpaka Dar es Salaam, ambako inafua umeme na kuendesha viwanda. Sirudi kwenye mambo ya 2013, zile vurugu za kupinga bomba, tulioyaona tumeyaona. Wala simnyimi mtu wa Dar umeme. Ila Mtwara imezoea kuwa mlango wa kutolea vitu. Bandari yetu ilijengwa kwa ajili ya karanga za Waingereza, ule mpango wao wa 1947, wa kupata mafuta ya kupikia kwao. Reli ikajengwa mpaka Nachingwea, karanga zikagoma, mpango ukaachwa 1951, reli ikang'olewa. Huku kwetu imebaki Reli ya jina tu, jina la kata. Hiyo ni hadithi ya wazee, nimeipitia kwa sababu kila nikiona alama za njano za bomba la gesi barabarani, hunijia.

Wengi hawaelewi kwa nini mtungi hauwi rahisi Mtwara wakati gesi ni yetu. Nami nilikuwa sielewi mpaka nilipoelezwa. Gesi ya mtungi si ya Mnazi Bay. Ile ya mtungi huja kwa meli kutoka nje, ni ya aina inayoshindiliwa ikawa maji. Ya kwetu haikai hivyo kwenye mtungi wa jikoni. Inataka bomba mpaka mlangoni. Zipo nyumba hapa mjini ambazo zimeshaunganishwa na bomba, kwa hiyo “haiwezekani” si jibu. Jibu ninalolitaka ni la ratiba: mtaa upi, mwaka gani, na kwa kuanzia na nani.

Mtungi mimi ninao. Nilipata wa kilo sita kwa bei ya ruzuku, na nashukuru kwa dhati, si kwa unafiki. Ulidumu wiki tatu. Sasa uko chini ya meza ya cherehani, mwanangu wa tatu anaukalia akifanya kazi za shule. Kuujaza ni zaidi ya elfu ishirini kwa mpigo, na mkaa mimi nanunua kwa mia tano. Laiti gesi ingeuzwa kwa mia tano mia tano, kama tunavyoweka vocha ya simu na kama umeme wa luku, jiko langu lisingekuwa la mkaa leo. Kuna mitungi yenye mita ya namna hiyo, unalipia unachotumia. Nasikia Dar ipo. Huku ingetufaa zaidi.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Vizuri. Lakini yule wa utepe wa njano, 2034 atakuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi. Wataalamu wenyewe mnatufundisha kuhusu siku elfu moja za kwanza, tangu mimba mpaka miaka miwili, kwamba udumavu ukishapita hapo haurudishiki. Mwanangu amebakiza miezi sita. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto watatu katika kila kumi wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na mikoa yetu ni ya watu wanaolima chakula.

Ndiyo maana sitaki kusubiri bomba. Nataka tuanze na sufuria.

Jirani yangu anauza mbaazi za nazi na maandazi asubuhi. Anabandika kilo nane kwenye sufuria moja, usiku, kwa kuni. Nimekaa naye nikahesabu: mbaazi zake ni mara kumi na sita ya zangu, moto wake haufiki hata mara nne ya wangu. Saa kumi na mbili asubuhi foleni yake inafika barabarani, watu wameshika bakuli na vikombe. Mtu akiona foleni ile atadhani ni utamu wa nazi. Nazi ipo, lakini watu pale wananunua moto. Kikombe cha mia tano kimekuja na mbaazi ndani na mkaa wake umeshalipwa.

Ombi langu ni hilohilo, likuzwe tu. Soko kuu, Feri, na masoko madogo ya kata, wekeni sehemu moja yenye paa, maji na majiko makubwa ya gesi, na pale panapofikika bomba, bomba lifike hapo kabla ya nyumba ya mtu yeyote. Akina mama wachemshe mbaazi, maharage, kunde na njugu mawe, zisiungwe, zisitiwe chochote, ziuzwe kwa kikombe saa kumi jioni watu wanapotoka kazini. Mimi nitapita na bakuli langu, ninunue vikombe vitatu, nyumbani nitie nazi yangu na kisamvu changu, fungu moja la mkaa linatosha, na mtoto anakula kabla hajalala. Hili la kulala si dogo. Mbaazi ninazoinjika saa kumi na moja zinaiva saa mbili kasoro, na kitinda mimba huwa ameshazima zamani, mdomoni ana andazi.

Pesa ya kuanzia msiitafute mbali. Mmesaini mikataba ya lishe, na kila halmashauri inatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Kwa mtoto mmoja, elfu moja ni mafungu mawili ya mkaa: sufuria moja ya mbaazi kwa mwaka mzima. Za watoto elfu kumi zikiwekwa pamoja ni milioni kumi, na milioni kumi inawasha majiko. Semina tumeshakaa za kutosha. Nyimbo za makundi ya vyakula wanangu wanaziimba wakiruka kamba.

Halafu kuna ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Sisi wanawake tisa tulitaka kufanya kazi hii wenyewe. Tukaunda kikundi, tukaandika katiba, tukapeleka maombi kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Mara ya kwanza tukaambiwa katiba haina mhuri. Ya pili, andiko halionyeshi soko liko wapi. Tukaandika, soko ni sokoni. Ya tatu, mhusika yuko semina. Mwaka 2023 mikopo yenyewe ikasimamishwa nchi nzima. Iliporudi 2024 tukaambiwa tuanze upya kwenye mfumo, na katika wanawake tisa mwenye simu janja ni mmoja, tena kioo kimepasuka. Bado tunaendelea nayo. Nimeyaandika haya ili mtu huko ofisini ajue kwamba nyuma ya kila fomu inayorudishwa kuna nauli.

Shule nazo msizisahau. Mwanangu wa darasa la nne kila Jumatatu anabeba kuni moja, yeye na wenzake wote, ya kupikia uji wa shule. Wazazi tumechangia mahindi, tumekubaliana kwenye kikao, hakuna ubishi. Lakini taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilishaagizwa ziache kuni na mkaa. Shule ina watoto zaidi ya mia sita. Siku mvua ikinyesha kuni zinalowa, uji haupikwi, na mchango wangu wa mahindi unakaa stoo. Jikoni kwa shule ndiko mahali pa pili pa kufikisha bomba, mkishamaliza sokoni.

Ya mashine ya kupasulia mbaazi nawaachia wenye utaalamu wa viwanda, ila nitafurahi nikiiona.

Mkiona yafaa, mtumeni mtu aje atuone. Aje saa kumi jioni. Saa nne asubuhi, muda wa ziara zenu nyingi, hakuna anayepika na kila jiko linaonekana safi. Kikundi chetu kina sufuria mbili kubwa za kuazima, na jirani amekubali kutufundisha kipimo cha maji. Ndoo yenye mfuniko tumeshanunua.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama wa watoto wanne,
Magomeni, Mtwara